Siti ya mbele si ruhusa ya kubadilisha tarehe
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Omate)



Leo tunaongea juu ya tikiti ya ndege. Kuna wenye watauliza: sisi wa Omate, watu wa kubeba mizigo mgongoni, tuko na shida gani na biznesi? Shida iko hivi. Mfadhili akitaka kumsafirisha mgonjwa ao mzee wetu, mara analipia siti ya mbele juu alisikia kama tikiti ya biznesi inabadilishwa wakati wowote. Si kweli. Siti ni kitu kimoja, masharti ni kingine.

Kila tikiti iko na herufi inayoonyesha daraja ulilouziwa. Kwa mashirika mengi J, C, D, I na Z ni za biznesi. J ao C, kwa kawaida, njo beyi kamili: unabadilisha tarehe, na mara nyingi pesa inarudishwa. I na Z mara nyingi ni beyi ya kushushwa, masharti yamekaza. Watu wawili wanakaa bega kwa bega, wanakula chakula kimoja, lakini mmoja akichelewa anapoteza yote. Hata Y, beyi kamili ya siti za nyuma, inaweza kuwa huru kupita Z ya mbele. Ila kila shirika linajipangia herufi zake, basi tuombe kusoma masharti yenyewe mbele ya kulipa.

Kwetu hii si mchezo. Kiwanja cha Goma kilifungwa kwa wasafiri wa kawaida mwisho wa Januari 2025. Mwenye kutoka huku anatafuta Kigali, ao anateremka Kisangani kwa barabara ya Lubutu. Mvua inyeshe, lori lizame kwenye matope, siku 3 zimekwisha. Na usipoonekana kwa safari ya kwanza, mashirika mengi yanafuta zote zinazofuata, hata ya kurudi! Kwa hiyo simu ipigwe mbele ndege haijaruka, hata kama ni usiku.

Mtu akiwaambia «inabadilishwa bila amende», mumuulize tena: tofauti ya beyi analipa nani? Tuseme tikiti ilikuwa dola 900, na siku mpya ni dola 1150. Amende hakuna, lakini dola 250 utazitoa.

Shirika lenyewe likifuta safari, hapo ni mambo mengine. Kwa ndege inayoruka kutoka Umoja wa Ulaya, sheria namba 261 ya mwaka 2004 inakupa uchague: ndege ingine, ao pesa irudi ndani ya siku 7. Herufi haijalishi. Ajansi ikisema «hii tikiti hairudishwi», msikubali.

Wafadhili wetu, siye tunapenda Y yenye kubadilika kupita Z ya bei nafuu, na pesa ikibakia ilipe moto na malazi njiani. Mgonjwa mwenye lazima alale, huyo tumtafutie J. Kiisha mtutumie picha ya masharti, namba ya tikiti yenye tarakimu 13, na ile alama ya rezervasio ya herufi na tarakimu 6. Mwandishi wetu ataziandika kwenye kitabu, ili msafiri akikwama bila simu, siye tupige kwa jina lake.