Matangazo ya Vita na Masanduku ya Wazee Wetu

(Hotuba kwa wenyeji wa Ndalu, baina ya Kitale na Bungoma)



Leo nataka kusema juu ya karatasi. Si karatasi za fedha wala hati za mashamba, bali yale matangazo ya ukutani yaliyotolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kutoka 1939 hata 1945. Wako watu wayatafutao matangazo hayo kwa bidii, wakayanunua na kuyatunza. Wengine wakisikia hivyo hucheka, wakasema, "Karatasi kuukuu ina faida gani?" Nitajaribu kuwajibu.

Kwanza yafaa tujue matangazo hayo yalikuwa nini. Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, serikali ya Uingereza iliunda Wizara ya Habari mjini London. Kazi yake moja ilikuwa kutoa picha kubwa zenye rangi na maneno machache, zibandikwe mahali wapitapo watu wengi. Asiyejua kusoma alitazama picha, na ajuaye kusoma aliwasomea wenzake. Mengine yaliandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Afrika ya Mashariki. Liko moja lisemalo, "Askari wetu washinda Wajapani." Lilihusu vita vya Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika majira ya mvua ya 1944, kwa matope na homa ya malaria, ikauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba mwaka huo.

Picha ya asili ya tangazo hilo, iliyochorwa kwa mkono, yatunzwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, pamoja na nyingine za Wizara ile, jumla yake karibu 2,000. Lakini nakala zilizochapwa na kuenezwa ni adimu. Tangazo la ukutani halikufanywa lidumu. Lilibandikwa kwa gundi, likanyeshewa, likapauka kwa jua, au likabanduliwa na kufungiwa vitu.

Nitawapa mfano mmoja. Mwaka 1939 Waingereza walichapa tangazo liitwalo Keep Calm and Carry On, maana yake, tulia uendelee na shughuli zako. Zilichapwa nakala karibu 2,450,000, zikawekwa akiba kwa siku ya hatari kubwa. Hazikubandikwa, isipokuwa chache mno, na mwaka 1940, kwa sababu ya uhaba wa karatasi, nyingi zilisagwa zifanywe karatasi mpya. Tangazo likasahauliwa kwa miaka 60. Mwaka 2000, mwenye duka la vitabu vikuukuu katika mji wa Alnwick alifungua kasha la vitabu alivyonunua mnadani, akakuta nakala moja imekunjwa chini kabisa. Leo maneno yale yajulikana ulimwenguni kote, na nakala ya asili huweza kuuzwa kwa maelfu ya pauni. Kama kasha lile lingalitiwa motoni bila kufunguliwa, tangazo lile huenda lingalibaki limesahauliwa.

Sasa mtauliza, hayo yatuhusu nini sisi wa Ndalu? Yatuhusu sana. Watu wa Kenya zaidi ya 90,000 waliingia katika jeshi wakati wa vita vile, na wengi walirudi na sanduku la bati lenye vyeti, barua, picha na magazeti. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 angekuwa amepita miaka 100 leo. Wazee wale karibu wote wamekwisha kutuacha. Masanduku yao yamebaki darini, na mchwa hawangoji.

Lakini nawasihi, msiyakusanye matangazo haya kana kwamba kila lisemalo ni kweli yote. Hayo ni propaganda, yaani maneno na picha za kuwavuta watu upande mmoja. Tangazo lilimsifu askari kwa ushindi wake. Halikusema kwamba kanuni za mwaka 1942 ziliruhusu watu wa Kenya kuchukuliwa kwa nguvu wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Halikusema habari za njaa ya 1943. Tena baada ya vita, Wazungu waliopigana walisaidiwa kupata mashamba katika nyanda za juu, lakini Mwafrika aliyepigana pamoja nao hakugawiwa shamba huko. Elijah Masinde wa Kimilili, jirani yetu, alizipinga kazi za shuruti za wakati wa vita. Mwaka 1945 akapelekwa Mathari, katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hata Ndalu yenyewe ilikuwa nchi ya walowezi, nayo iligawiwa Waafrika katika miaka ya 1960.

Kwa hiyo karatasi peke yake ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni yale waliyoyasema watu walipolitazama tangazo. London wameitunza picha. Majibu ya babu zetu hawanayo. Hayo yamo katika kumbukumbu za watoto wao walio hai, na hao nao wanazeeka.

Basi tufanyeje? Ukikuta karatasi ya zamani, usiibandue kwa nguvu, usiitie gundi wala utepe wa kunata, wala usiipige plastiki. Ilaze bapa baina ya karatasi mbili safi, mahali pakavu pasipo jua. Andika kwa penseli, katika karatasi ya pembeni, ilitoka nyumba gani, ilikuwa ya nani, na mwenyewe alisema nini juu yake. Ukitaka kununua, jihadhari na nakala za siku hizi. Tazama ukingo wa chini, kwa maana matangazo mengi ya serikali ya Uingereza yalichapwa jina la mpiga chapa na namba. Kisha tazama rangi kwa kioo cha kukuzia na uilinganishe na nakala ijulikanayo kuwa ya asili.

Wala msidhani kwamba mkusanyaji mmoja hawezi kitu. Hapo Kitale, Kanali Hugh Stoneham alianza jumba la makumbusho mwaka 1926 kwa vitu alivyokusanya mwenyewe. Alifariki mwaka 1966, na mwaka 1974 vitu vyake vikawa msingi wa Makumbusho ya Kitale, ambayo watoto wetu huyazuru. Kama yeye aliweza kutunza wadudu na vitabu, nasi twaweza kutunza karatasi za baba zetu.

Ombi langu ni dogo. Jumamosi hii, kabla ya kuwasha moto kwa makaratasi ya darini, yafungueni kwanza. Kisha mwiteni mzee aliye karibu, mmwonyeshe, na mwenye daftari aandike.