Kutoka Barazani hadi Orodha ya Kazi: Kiswahili na Programu Zinazogawa Majukumu



Huenda wapo miongoni mwetu waliojiuliza mada hii ya kompyuta imeingiaje katika mhadhara wa Kiswahili. Dhamira yangu ni kuonyesha kwamba mada hii ni yetu, tena ni yetu kabla haijawa ya mafundi.

1.0 Utangulizi

Katika miji ya mwambao watu hukutana barazani baada ya alasiri. Mmoja husema kwamba paa la msikiti linavuja, mwingine hukumbusha mvua za mwaka uliopita, wa tatu hutia mzaha. Mwishowe mzee mmoja hutamka: “Basi, fulani atamwona fundi kesho.” Hapo ndipo maongezi yanapogeuka kuwa jukumu. Kabla ya tamko hilo kulikuwa na maoni tu. Baada yake kuna kazi, kuna mwenye kazi na kuna siku yake.

Jumuiya za mtandaoni nazo zina pande hizi mbili. Upande mmoja kuna jukwaa ambapo wanachama hujadiliana. Upande wa pili kuna orodha ya kazi, inayoonyesha jambo gani linafanywa, na nani, na limefikia wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na mawazo ya jumuiya ni mali. Kwa muda mrefu aliyeyatoa mawazo jukwaani na kuyaandika katika daftari alikuwa mtu. Siku hizi mara nyingi ni programu. Swali la mhadhara huu ni hili: je, programu inaweza kukalia kiti cha yule mzee wa barazani?

2.0 Namna Programu Zinavyounganishwa

Kanuni yenyewe ni nyepesi: likitokea hili, fanya lile. Mwanachama akiandika ujumbe wenye alama fulani, jukwaa hutuma taarifa kwa programu ya kazi, nayo hufungua kazi mpya. Kazi ikikamilika, taarifa hurudi jukwaani. Huduma kama IFTTT na Zapier, zilizoanza mwanzoni mwa miaka ya 2010, ziliwawezesha hata wasiojua kuandika programu kuunganisha mifumo kwa njia hii.

Mfano ulio karibu nasi ni wa jumuiya za Wikipedia, ambamo Wikipedia ya Kiswahili imekuwamo tangu mwaka 2003. Tangu mwaka 2014 jumuiya hizo zimekuwa zikiandika kazi zao za kiufundi katika programu iitwayo Phabricator, iliyochukua nafasi ya Bugzilla. Kila kazi hupewa namba inayotanguliwa na herufi T. Wanajumuiya wa lugha fulani wakitaka mpangilio wa tovuti yao ubadilishwe, hujadiliana kwanza kwa lugha yao. Wakiafikiana, mmoja wao hufungua kazi na kuweka kiungo kinachompeleka msomaji kwenye majadiliano yale. Mtaalamu akiandaa badiliko, huitaja namba ya kazi katika maelezo yake. Hapo roboti iitwayo gerritbot huandika penye kazi kwamba kuna badiliko linalongoja kukaguliwa.

Tutazame mgawanyo huo kwa makini. Kukubaliana ni kwa watu. Kupeleka habari ni kwa roboti. Uhamali umeachiwa mashine, hukumu imebaki kwa wenyewe. Nitadai kwamba mpaka huo unafaa kulindwa, na ushahidi wangu utatoka katika sarufi ya Kiswahili.

3.0 Ushahidi wa Sarufi

3.1 Neno na Mzizi

Tuchukue kanuni inayosema: ujumbe ukiwa na neno “kosa”, fungua kazi ya kusahihisha. Programu inayotafuta neno zima itayapita “makosa”. Inayotafuta herufi hizo popote zilipo itayaona “makosa”, lakini itakamata pia “nimekosa nafasi”, ambapo hakuna kosa lolote la kusahihishwa. Wakati huohuo itaupita ujumbe usemao “jina hili limekosewa”, kwa sababu irabu imebadilika. Kanuni hiyo, iliyoazimwa kutoka lugha zenye viambishi vichache, itaziba masikio panaposemwa jambo la maana na kuyafungua pasipo na jambo.

3.2 Ombi Lisilovaa Amri

Tatizo la pili ni la adabu. Mswahili anayetaka jambo litendwe mara chache husema “tenda”. Husema: “Ingekuwa vyema mtu akalitazama neno hili,” au “Naona kama sentensi hii imepinda kidogo.” Kwa msikilizaji mzoefu maneno hayo ni ombi, na pengine ni lawama. Kwa programu ni maoni ya kawaida. Hivyo mwenye kufoka atafunguliwa kazi, na mwenye heshima atasahaulika. Mfumo wa namna hiyo hauishii kupokea lugha; baada ya muda huwafunza watu kusema kwa ukali.

3.3 “Haijafanyika” na “Haikufanyika”

Hoja ninayoiona kuwa nzito zaidi inahusu kiambishi -ja-. “Kazi haijafanyika” ina maana kwamba bado inatazamiwa. Mlango u wazi. “Kazi haikufanyika” hufunga habari. “Haitafanyika” ni uamuzi. Phabricator huhitaji maneno mbalimbali kutenganisha kazi iliyo wazi, iliyokwama na iliyokataliwa. Sisi tofauti hizo tunazo tayari ndani ya kitenzi.

Sasa tazameni yanayotokea mashine inapopewa hukumu. Katika GitHub, ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, kuna programu iitwayo Stale. Isipoelekezwa vinginevyo, hoja iliyokaa siku 60 bila kuguswa hutiwa alama ya uchakavu, na siku 7 baadaye hufungwa. Kwa lugha yetu, programu hiyo inabadilisha -ja- kuwa -ku- bila kumwuliza mtu. Jambo lililokuwa halijafanyika limekuwa jambo ambalo halikufanyika. Katika jumuiya yenye maelfu ya wafanyakazi hasara hiyo huenda ikavumilika. Katika jumuiya ya watu wachache wanaojitolea jioni baada ya kazi zao, siku 60 za kimya si dalili kwamba jambo halina maana. Ni dalili kwamba watu ni wachache.

3.4 Nani Ametenda?

Kiambishi a- hutuepusha na taabu ya jinsia. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ina utaratibu wa kuchagua neno kufuatana na jinsia ya mtumiaji, ambao “amefungua kazi” hauuhitaji. Lakini a- ni kiambishi cha mwenye uhai. Tukitafsiri “roboti amefungua kazi”, tumeipa mashine nafsi. Tukisema “roboti imefungua kazi”, msomaji anajua mara moja kwamba hakuna mtu wa kumwuliza sababu. Napendekeza i-. Msomaji ana haki ya kujua kama anajibiwa na mtu au na chombo.

4.0 Mapendekezo

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matatu kwa yeyote atakayeunda mfumo kwa ajili ya jumuiya ya Waswahili. Kwanza, kazi isifunguliwe kwa kuwinda maneno, bali kwa tendo la makusudi la mwanachama, kama vile kutia alama ya “imekubaliwa” baada ya majadiliano. Pili, kazi ibebe kiungo cha maneno ya asili na jina la aliyeyatamka, ili hoja isitengwe na mwenyewe. Tatu, hali za kazi zitajwe kwa vitenzi kamili: haijaanza, inafanywa, imekwama, imekamilika, haitafanywa. Hali hiyo ya mwisho iandikwe na mtu, pamoja na sababu yake.

5.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuja kuishitaki mashine. Palipo na mapendekezo mengi na mikono michache, uhamali wa programu ni neema. Huokoa saa ambazo zingepotea katika kunakili. Ninachokataa ni kimya cha mashine kuchukuliwa kuwa kauli ya baraza. Wanafunzi wangu, ninyi ndio mtakaoitwa kutafsiri vitufe na jumbe za mifumo hii, na wengine mtaiunda wenyewe. Mtakapofika penye neno la kufunga kazi, ulizeni kwanza: haikufanyika, au haijafanyika? Katika silabi hiyo moja kuna tofauti kati ya jumuiya iliyoamua na jumuiya iliyoamuliwa.