Mlango wa miaka 18: maneno ya kamati ya yatima siku ya Yubile



Tumeombwa kusema mbele yenu juu ya kazi ambayo kamati yetu imekabidhiwa katika parokia hii, ni kusema kuwaangalia watoto wasio na baba wala mama, waliopokelewa katika nyumba ya Masista ama katika jamaa za mashirika yetu. Siku ya Yubile watu hupenda kuhesabu: ubatizo ngapi, ndoa ngapi, matofali mangapi. Hesabu hizo mtazisoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Sisi tumekuja na hesabu moja tu, nayo ni 18.

Kadiri ya sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, mtoto ni yule asiyetimiza bado miaka 18. Ni sheria njema, na tunashukuru kuwa nayo. Lakini miaka hiyo 18 ni kama mlango. Upande huu amesimama mtoto, mwenye haki ya kulishwa, kulazwa na kufundishwa. Upande ule amesimama mtu mzima, na hakuna anayeulizwa tena habari zake. Mtoto mwenye wazazi hapiti mlango huo kwa siku moja. Hata akiwa na miaka 20 anakula kwa mama yake. Akikosa kazi anarudi nyumbani. Akigombana na baba yake anakwenda kulala kwa mjomba. Yatima wa nyumba yetu hana mjomba, na kitanda chake kinangojewa na mtoto mwingine.

Kwa miaka mingi sisi wenyewe tulikosa, na inafaa tuungame mbele yenu. Kijana akitimiza miaka yake tulizoea kumfanyia karamu ndogo: Misa, wali na kuku, godoro, sanduku la nguo, na baraka ya Padri. Tulilia kidogo, kiisha tukaenda nyumbani tukisema kazi imetimia. Mmoja wao, tusiyemtaja jina kwani yuko hai na pengine anatusikia, alitoka kwetu na diploma ya shule ya sekondari. Mwezi wa tatu tulimkuta sokoni akisukuma pusupusu lenye magunia ya unga. Godoro alikuwa ameliuza apate kulipa chumba. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alitusalimia kwa heshima, akasema: «Wazazi, mlinifundisha kusali na kusoma. Mbona hakuna aliyenifundisha kushika msumeno?»

Usiku ule wengi wetu hatukulala.

Hatukuwa wa kwanza kuulizwa neno kama hilo. Mtakatifu Yoane Bosko, aliyezaliwa mwaka 1815 karibu na mji wa Torino katika Italia, alifiwa na baba yake akiwa hajatimiza miaka miwili. Alipokuwa padri alikuta Torino imejaa vijana waliotoka mashambani kutafuta kazi, wengi hawana mtu wa kuwatetea. Wengi tunajua kwamba aliwachezesha na kuwafundisha katekisimu. Lakini aliwaandikia pia mikataba. Mmoja wa tarehe 8 Februari 1852 umehifadhiwa hata leo, nao ni wa kijana aliyewekwa kwa fundi seremala. Fundi anaahidi kumfundisha kazi, kumrudi kwa maneno wala si kwa kipigo, kutomtumia katika kazi zisizo za ufundi huo, kumpa mapumziko siku za sikukuu, na kumlipa. Mwaka uliofuata, 1853, alifungua nyumbani kwake mahali pa kushonea viatu na nguo, kwa sababu huko nje vijana wake walikuwa wakiharibiwa. Tafadhali tazameni vema: mtakatifu huyu alijua ya kwamba mapendo bila karatasi iliyotiwa sahihi hayamlindi mtoto mbele ya bwana wa kazi.

Wana wake wa kiroho, Wasalesiani, walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, wakiongozwa na Padri Joseph Sak, nao walishughulika tangu mwanzo na kufundisha ufundi. Wengi wa wazee walioezeka nyumba zetu za kwanza walijifunza kwa mafundi waliotoka mikononi mwa wamisionari. Sisi tulikuwa tumeketi karibu na kisima, tukaacha watoto na kiu.

Basi tulianza. Mwanzo ulikuwa mbaya. Tulimweka kijana kwa fundi mmoja wa magari, tukasikilizana kwa mdomo tu, sababu fundi ni mkristu na tulimwamini. Mwaka mzima kijana alichota maji, alifua nguo za bibi wa fundi, na kuosha magari. Injini hakuigusa. Tangu siku ile hakuna kijana anayekwenda kwa fundi bila mkataba wa maandishi. Tena sheria ya kazi ya mwaka 2002 yenyewe yataka mkataba wa kujifunza kazi uandikwe. Kila mwezi wawili wetu wanakwenda kumtembelea, hawaulizi kama ana adabu, wanauliza: «Mwezi huu umetengeneza nini kwa mikono yako?» Asipokuwa na kitu cha kuonyesha, tunazungumza na fundi.

Kosa lingine lilikuwa kwa wasichana. Kila msichana tulimpa mashini ya kushona, bila kumwuliza. Katika mtaa mmoja wakajaa washonaji kuliko wenye nguo za kushona. Msichana mmoja alitukatalia, akasema anataka kujifunza umeme. Wazee wetu wengine walicheka, na tusifiche, hata wamama walicheka. Leo yeye ndiye anayefunga pano za jua juu ya paa za nyumba, na ndiye aliyetengeneza taa mnazoziona katika kanisa hili. Hatumtaji, lakini mkiinua macho mtamshukuru.

Juu ya chombo cha kazi tulijifunza pole pole. Kijana aliyezoea mashini kubwa tu, siku umeme unapokatika hana kazi. Kwa hiyo seremala wetu anaanza na randa, msumeno wa mkono, patasi, nyundo na meta. Mashini inakuja nyuma. Akimaliza anapewa sanduku la vyombo hivyo, lakini kwa miaka miwili ya kwanza sanduku ni mali ya parokia. Wengine walisema tunawakosea vijana imani. Hapana. Mtu mwenye njaa huuza nyundo yake kama yule ndugu alivyouza godoro; akisema «si yangu», mnunuzi anamwacha.

Liko pia jambo la karatasi, ambalo halina utamu wa kusimulia lakini limezuia wengi. Sheria yetu yawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Mtoto aliyeokotwa, ama aliyekimbia vita pamoja na nyanya yake, nani alimwandikisha? Inabidi kwenda mahakamani kuomba hukumu ya kushika nafasi ya cheti cha kuzaliwa, na kazi hiyo yataka feza na miguu isiyochoka. Bila karatasi kijana hawezi kujiandikisha vema katika shule, wala kutafuta breve ya INPP, kile chuo cha Leta cha matayarisho ya kazi kilichoanzishwa mwaka 1964. Tunaanza kuitafuta mtoto akiwa na miaka 14. Zamani tulianza akiwa amekwisha funga sanduku lake.

Wapo wanaotuambia: kazi ya mikono ni kwa wale walioshindwa masomo. Tunawajibu kwa jina moja tu: Isidori Bakanja, aliyebatizwa mwaka 1906 na kufa kwa ajili ya imani yake mwaka 1909, alikuwa msaidizi wa waashi. Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Wazee wa Jamaa waliopo hapa wanakumbuka mafundisho ya Padri Placide Tempels: umoja, uzazi, mapendo. Uzazi haukomi siku ya kuzaa, wala siku ya miaka 18. Kwa sababu hii kila kijana anayetoka sasa anapewa jamaa moja ya shirika ambako atakula kila siku ya Mungu, awe na kazi au asiwe nayo. Ni sahani moja ya ugali. Lakini fundi wake anajua kwamba kijana huyu anangojewa mahali.

Mwaka huu vijana wetu saba watapita mlango ule. Watano wamekwisha pata mafundi. Wawili bado: mmoja anataka kujifunza kuunga vyuma, mwingine umasoni. Baada ya Misa wenyekiti wa mashirika watakaa na daftari chini ya mwembe, na mikataba iko mezani, imeandikwa tayari, yabaki jina la fundi tu.