Kupiga Picha za Ndege ya Vita: Wellington ya Brooklands



Mtu aingiapo katika nyumba ya makumbusho ya ndege, kamera mkononi, mara nyingi huanza kupiga picha kabla hajatazama. Huona kitu kikubwa mbele yake, akabonyeza, akaenda zake. Afikapo kwake huzikuta picha za vyuma tu, zisizo na habari ya kumweleza jirani. Apendaye picha zenye maana yampasa kwanza aijue historia ya kitu akipigacho. Mfano mwema ni ndege ya mabomu aina ya Wellington, namba N2980, iliyowekwa katika makumbusho ya Brooklands, Weybridge, kusini mwa Uingereza.

Ndege hiyo iliundwa papo hapo Brooklands mwaka 1939. Umbo lake lilibuniwa na mhandisi Barnes Wallis. Mwili wake si bamba zito la chuma, bali ni fito nyembamba za madini mepesi, zilizopitana na kushikana kama wavuvi wa pwani wasukavyo dema, kisha zikavikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Tundu moja likivunjika kwa risasi, matundu ya jirani hubeba uzito. Kwa sababu hiyo ndege nyingi za namna hii zilirudi nyumbani zikiwa zimeraruka vibaya, lakini rubani yu hai.

Hata hivyo usukaji huo haukuwa kinga ya kila jambo. Tarehe 18 Desemba 1939, Wellington 22 zilishambuliwa na ndege za Wajerumani karibu na Heligoland, na 12 zikapotea. N2980 ilikuwa miongoni mwa zilizorudi. Baadaye ikapelekwa Uskoti kufundishia vijana.

Siku ya mwisho ya mwaka 1940, ikiwa angani juu ya milima yenye theluji, injini yake moja ilikufa. Rubani mkuu akawaamuru wanafunzi sita waruke kwa miavuli. Mmoja wao, askari wa bunduki za mkiani, mwavuli wake haukumfaa, akafa. Rubani na mwenzake wakaishusha ndege juu ya maji ya ziwa Loch Ness, wakatoka katika mashua ya mpira, nayo ikazama.

Ikakaa huko hadi mwaka 1976, ilipoonekana na watu waliokuwa wakimtafuta mnyama wa ajabu asemwaye kuwa anakaa katika ziwa hilo. Septemba 1985 ikatolewa majini. Taa zake za mkiani zilipounganishwa na betri, ziliwaka, na makoti ya warukaji yalikutwa ndani. Ndipo ikarudishwa Brooklands, na mafundi wa kujitolea wakaishughulikia kwa miaka mingi.

Basi, mpiga picha atendeje mbele ya ndege kama hiyo?

Kwanza, aulize kanuni za mahali hapo, hasa kama aruhusiwa kusimamisha kamera juu ya miguu mitatu. Ndani ya jengo nuru huwa haba. Akitumia taa ya mmweko, madini hung'aa mbele na nyuma hubaki giza. Yafaa zaidi aituze kamera, aache nuru iingie kwa muda mrefu kidogo, wala asitikisike. Haraka haraka haina baraka.

Pili, asitosheke na picha moja ya ndege nzima. Mabawa yake yana upana wa futi 86 hivi, na lenzi ya kutazama upana, ikikaribishwa mno, huipotoa pua ikaonekana kubwa kuliko mwili. Asogee ubavuni. Sehemu kubwa ya mwili imeachwa bila kitambaa, hata nuru hupenya katika zile fito. Hapo ndipo picha iliyo bora, kwa kuwa kazi ya msukaji yaonekana wazi. Atazame pia mahali fito mpya ilipoungwa na ya kale, wala asiukwepe mwungano huo. Ndio ushahidi wa kazi ya mafundi.

Tatu, aende mkiani. Kile chumba chembamba ndicho mahali pa askari wa bunduki, peke yake katika baridi, mbali na wenzake. Picha ya kiti hicho yaweza kusema mengi kuliko picha ya ndege nzima.

Wala asisahau waliokuwa chini. Ndege hii iliundwa ili kubeba mabomu. Usiku wa tarehe 30 Mei 1942, ndege zaidi ya 1,000 ziliushambulia mji wa Cologne, na zaidi ya nusu yake zilikuwa Wellington. Picha iipambayo ndege kama bibi arusi, pasipo neno la maelezo chini yake, husema nusu ya habari.

Wellington zaidi ya 11,000 ziliundwa. Zilizosalia nzima ni mbili tu. Wale waliozirusha wamekwisha kuondoka karibu wote. Kwa hiyo apigaye picha aandike nyuma yake namba ya ndege, mwaka na mahali, na habari ya yule kijana wa mkiani. Mjukuu atakayeikuta sandukuni asione chuma tu, bali ajue ni watu gani waliokaa ndani yake, na ni kazi gani waliyotumwa.