Kazi ya mmoja, safari ya wanne

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa msikilizaji wa Mwanza. Amepata kazi ya kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, katika yale majimbo ya kati ambayo wenyewe huyaita Midwest. Anakwenda na mkewe na watoto. Ana swali moja tu: abebe nguo gani?

Ndugu yangu, usisumbuke na makoti. Yale tunayoyaona kwenye mitumba ya Mwanza yalishonwa kwa ajili ya baridi ya huko, na huko huko utayapata kwa bei nafuu katika maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika. Beba soksi nzito za siku ya kwanza, basi. Nataka nikujibu swali ambalo hukuniuliza. Mimi nami sikuliuliza wakati wangu.

Mwaka 2018 niliajiriwa kufundisha Kiswahili mjini Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin. Mji ule umekaa juu ya ukanda mwembamba wa ardhi katikati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1848, mwaka uleule ambao Wisconsin ilipata kuwa jimbo. Watu huniuliza Kiswahili kilifikaje huko kwenye mahindi na ng'ombe wa maziwa. Kilifika zamani. Mwanahistoria Mbelgiji Jan Vansina, yule aliyewaonyesha wasomi wenzake kwamba masimulizi ya wazee ni ushahidi wa historia kama zilivyo karatasi, alianza kufundisha pale mwaka 1960. Mwaka 1964 ikaanzishwa idara nzima ya lugha na fasihi za Kiafrika. Kwa hiyo sikwenda kufungua pori. Nilikwenda kuingia darasani.

Mji wa chuo, ndugu wasikilizaji, una kalenda yake. Hauhesabu mwaka kwa mvua wala kwa mavuno. Huhesabu kwa wanafunzi. Wakiondoka mwezi wa tano, baadhi ya mitaa hubaki kama soko siku ya Idi. Wakirudi, huwezi kupata hata mahali pa kuegesha baiskeli. Jumamosi ya mpira wao, ule wa kushika kwa mikono, uwanja wa chuo hujaza watu zaidi ya 75,000. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa, ambao ni wa taifa zima, huchukua 60,000.

Sasa sikilizeni jambo la nyumba. Karibu na chuo, mikataba mingi ya pango humalizika siku moja, tarehe 14 Agosti, na mipya huanza tarehe 15. Mpangaji hutoka mchana wa leo, na mwingine huingia mchana wa kesho, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kufagia. Kati ya siku hizo mbili upo usiku mmoja ambao maelfu ya watu hawana nyumba. Wengine hulala ndani ya malori waliyoyakodi, juu ya magodoro yao wenyewe.

Sisi tulifika usiku huo. Mimi, mke wangu, Neema wa miaka tisa na Baraka wa miaka minne, baada ya ndege mbili na basi la zaidi ya saa tatu kutoka Chicago. Hoteli zilikuwa zimejaa, na zenye nafasi zilitaka fedha ambazo sikuwa nazo. Tuliokolewa na mwanafunzi mmoja Mkenya wa Kisumu, aliyekuja kutupokea na gari la kuazima. Akasema, "Mwalimu, hata mimi leo sina kwangu. Lakini nampata bibi mmoja." Bibi mwenyewe alikuwa Mmarekani mstaafu aliyewahi kufundisha Iringa miaka ya sitini, katika wale vijana wa kujitolea waliokuja wakati ule. Alifungua mlango saa tano za usiku akasema, "Poleni na safari, mama. Watoto wamekula?" Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, safi, hakina hata neno moja la siku hizi. Mke wangu, aliyekuwa hajasema kitu tangu Chicago, akaanza kulia.

Asubuhi tukauona mtaa. Kando ya barabara, nyumba hadi nyumba, watu walikuwa wametupa makochi, viti, taa, vyungu, makabati. Anayetoka hawezi kubeba, anayeingia anaokota. Bibi akatupa kanuni ya kuokota: chukueni mbao na chuma, msiguse godoro wala kochi la kitambaa, kwani kunguni hawana mkataba. Nikaona meza ya mwaloni, nzuri, mguu mmoja umepungua kidogo. Nikaishika upande mmoja, nikamtazama mwenzangu ashike wa pili.

Akasema, "Baba Neema, tumeuza meza yetu ya mninga pale Sinza ili tuje kuokota ya watu?"

Nilicheka. Nilidhani analalamikia meza.

Niwaeleze kwanza habari ya fedha, maana msikilizaji wetu itamkuta. Mwenye nyumba alidai kodi ya mwezi wa kwanza, na amana ya mwezi mwingine. Tena akataka historia yangu ya mikopo. Nikamwambia kwa fahari kwamba katika miaka kumi na minane ya kazi sikuwahi kukopa benki. Kumbe kule hiyo ni kasoro! Asiyewahi kukopa hana rekodi ya kulipa. Ilibidi chuo kiandike barua kwamba mimi ni mtumishi wake. Mshahara wenyewe ulikuja mwishoni mwa Septemba. Wiki sita tulikula wali na maharagwe juu ya meza ile, na chini ya mguu wake mfupi tuliweka gazeti lililokunjwa.

Lakini fedha hupatikana. Nilikuwa nazungumzia swali ambalo sikuliuliza. Barua ya ajira ilipokuja Dar es Salaam niliisoma kama mwanasheria. Niliuliza mshahara kiasi gani. Niliuliza bima ya matibabu, vipindi vingapi kwa juma, likizo lini. Sikuuliza mke wangu atafanya nini. Mke wangu alikuwa muuguzi wa miaka kumi na mmoja, kiongozi wa zamu, mtu ambaye nikipita naye Kariakoo hatumalizi mtaa bila mama fulani kumwonyesha mtoto aliyezaliwa mikononi mwake. Viza yangu ilikuwa ya mfanyakazi. Ya kwake iliitwa H-4, ya mke wa mfanyakazi, na kwa hali yetu haikumruhusu kulipwa hata senti. Hata kama ingemruhusu, vyeti vyake vingepaswa kukaguliwa upya, kisha akae kwenye mtihani wa wauguzi wa nchi nzima uitwao NCLEX. Yote hayo yalikuwa yameandikwa, yanasomeka. Mimi nilisoma kurasa zangu tu.

Katika mji mkubwa yumkini angepata shughuli, kikundi, jamaa wa kwao. Katika mji wa chuo kila mtu anakuuliza swali moja: uko idara gani? Yeye hakuwa katika idara yoyote. Nilimpeleka kwenye karamu ya idara yangu, mzee mmoja mwema akamuuliza anafanya nini, naye akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, "Nasubiri." Usiku ule hatukuzungumza.

Januari 2019 ikaja baridi ambayo hata wenyeji waliiogopa, chuo kikafunga madarasa. Ziwa Mendota lilikuwa limeganda. Siku za kawaida za majira hayo watu hutembea juu yake na kutoboa barafu wavue samaki. Watoto walifurahi. Mimi nilikuwa na wanafunzi wangu, vijana wa mashambani wanaotamka "ng'ombe" vizuri kuliko watu wengi ninaowafahamu, na kwa hakika niliipenda kazi ile. Hilo sitalificha. Wakati mimi napenda kazi, mwenzangu alikuwa anahesabu: miezi mitano bila kuvaa sare, sita, saba. Siku moja nilimkuta amekaa mezani ameandika majina ya dawa na vipimo vyake, karatasi nzima, kwa mkono. Nikamuuliza ni ya nini. "Nisisahau," akasema.

Agosti 2019 alirudi Dar es Salaam na Baraka. Neema alikuwa amezoea shule, akabaki nami. Tulipanga wakae mbali miezi kumi. Ikaingia corona ya mwaka 2020, safari zikafungwa, miezi kumi ikawa miaka miwili. Baraka alipomwona tena dada yake alijificha nyuma ya mama. Na kazini mama yao hakurudishwa pale alipoachia. Alianza ngazi aliyokuwa ameivuka miaka mitano kabla ya safari, chini ya binti aliyemfundisha yeye mwenyewe kuchoma sindano. Aliniambia hayo kwa simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaniuliza kama Neema anakula mboga.

Ndugu yangu wa Mwanza, sikukatazi kwenda. Nenda, na ukifika wasalimie. Lakini kabla ya kutia saini, waandikie hao waajiri uwaulize viza ya mke wako inamruhusu kufanya nini, na kama chuo kina utaratibu wowote wa kumsaidia mwenzi wa mwalimu. Vingine vinao, ila aghalabu huwasaidia walioomba mapema. Waulize pango linaanza tarehe gani, na mshahara wa kwanza unaingia lini. Majibu yakija, usimsimulie mkeo. Mpe karatasi asome mwenyewe, hata kama Kiingereza chake si kizuri kama chako, na umpe siku mbili za kufikiri bila wewe kukaa pembeni unakohoa. Na mkienda, aombe likizo bila malipo kazini kwake kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Sisi hatukuomba. Mimi ndiye niliyesema haina haja.

Mimi na Neema tuliondoka Madison tarehe 14 Agosti 2021. Asubuhi tuliitoa meza nje, kando ya barabara. Kabla sijarudisha funguo wakaja kijana na msichana, wageni kama tulivyokuwa sisi, wakaizunguka, wakaitikisa. Niliwaeleza habari ya mguu mmoja, nikawapa na gazeti.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.