KUTAYARISHA MAJIBU YA USAILI WA KAZI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Iringa, ikasomwa tena mjini Mbeya



Shauri tulilopewa ni namna ya kutayarisha majibu ya maswali yaulizwayo watu waombapo kazi. Ni shauri litugusalo pande mbili. Kwanza, wako miongoni mwetu wanaokaa masjala na mapokezi kwa mkataba wa muda. Siku nafasi ya kudumu itangazwapo, wenzetu hao hawana budi kushindana na watu wasiopata kuliona jalada hata moja, wala hawapewi upendeleo kwa kuwa wameizoea kazi. Pili, sote tuna wadogo zetu na watoto wetu waliomaliza masomo, nao hututazama sisi wawaulizapo watu njia.

Hapana haja ya kueleza sana jinsi nafasi zilivyo chache. Mwezi wa Juni mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwa nafasi 70, wakafika zaidi ya 10,000, hata usaili ukafanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walikuwa 135,027, yaani kila kiti kimoja kiligombewa na watu wapatao 85. Na msailiwa hujigharimia mwenyewe chakula, usafiri na malazi. Kijana wa Mbeya aitwaye Dodoma hupita Makambako, Mafinga na Iringa, kisha huvuka Mtera, na nauli yake aghalabu imetoka katika gunia la viazi la mama yake wa Uporoto, kama vile ya mwenzake wa Kilolo ilivyotoka katika mahindi. Akirudi mikono mitupu kwa kuwa wenziwe wamemzidi, hana aibu. Lakini akirudi mikono mitupu kwa kuwa hakujua la kujibu alipoambiwa, “Tueleze habari zako,” hasara hiyo ingaliweza kuzuiwa, nayo ndiyo ituletayo hapa leo.

Wako wazee wetu wasemao, “Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.” Maana yao ni kwamba mtu hodari hana haja ya kujifunza maneno ya kujinadi. Twaiheshimu methali hii, lakini hata chema hujiuza kikiwa kimetandazwa juu ya jamvi mahali peupe, wala si kikiwa kimefungwa guniani. Wasaili hawakuwapo mlipofanya kazi. Wana dakika chache tu na karatasi ya kuandikia alama, na jambo usilolitaja kwao ni kama halikuwapo.

Wengine husema kwamba kutayarisha majibu ni namna ya udanganyifu. Ingekuwa hivyo kama tungekuwa twatayarisha mambo yasiyokuwapo. Bali karani apelekaye shauri kwa mkubwa wake hulisoma jalada kwanza, akaweka alama mahali penye barua zitakiwazo. Hakuna amwitaye mwongo kwa hayo. Na sisi twawaombeni mfanye vivyo hivyo kwa habari za maisha yenu wenyewe: zisomeni kabla ya kuulizwa, mjue kila jambo liko ukurasa gani.

Wala kujibu mbele ya baraza si jambo jipya kwa makarani wa nchi hii. Bwana Martin Kayamba, aliyekuwa karani wa Serikali, ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika mjini Tanga mwaka 1922. Mwaka 1931 yeye, pamoja na Mtemi Makwaia na Bwana Francis Lwamugira, walikwenda London wakaulizwa maswali na kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Meza zilizo mbele yetu leo ni ndogo kuliko ile.

Sasa tuje katika kazi yenyewe. Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, ilivyorekebishwa mwaka 2007, ndiyo iliyoiweka Sekretarieti ya Ajira. Usaili wake aghalabu huanza kwa mtihani wa kuandika, na kwa kada nyingine wa vitendo, ndipo yaje mahojiano ya ana kwa ana. Juu ya vyeti twasema neno moja tu: chukueni vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho, na mwangalie majina kama yanalingana katika vyeti vyote. Yasipolingana, shughulikieni jambo hilo kisheria mapema. Mtu aliyezuiwa mlangoni hana nafasi ya kuonyesha majibu yake.

SWALI LA KWANZA: “Tueleze habari zako.” Wengi huanza kwa kijiji, wazazi, na idadi ya ndugu, na kabla hawajaifikia kazi wameambiwa inatosha. Swali hili halitaki ukoo. Lataka mambo matatu: umesomea nini, umefanya nini, na hayo yahusianaje na kazi uiombayo. Mathalan: “Naitwa fulani. Nimesomea utunzaji wa kumbukumbu katika Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Mbeya. Kwa miaka mitatu nimekuwa masjala, nikipokea barua, kuzisajili, kuzifungulia majalada, na kuyafuatilia majalada yaliyotoka. Naomba nafasi hii kwa kuwa ni kazi niliyoisomea na kuizoea.” Maneno haya hayafiki hata dakika moja, na msaili amekwisha kupata pa kuulizia.

SWALI LA PILI: “Kwa nini waitaka kazi hii?” Jibu la kweli la kila mtu ni kwamba ataka kula, wala si aibu. Lakini kwa kuwa ni la kila mtu, halimtofautishi yeyote. Wasaili wataka kujua kama waijua ofisi uiombayo. Basi someni tangazo neno kwa neno, na kila wajibu ulioandikwa pale uwekeeni mfano wa kazi mliyopata kuifanya. Aombaye halmashauri ajue kwamba serikali za mitaa zina sheria zake mbili za mwaka 1982, moja ya mamlaka za wilaya na moja ya mamlaka za miji, na ajue ofisi ile yahudumia watu gani na kwa shida gani. Hayo ni kazi ya jioni moja.

SWALI LA TATU: “Una sifa gani kuliko wenzako?” Hapa vijana wetu wa Nyanda za Juu hupata taabu zaidi, nasi twaijua sababu. Tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa na kuamkia kwa sauti ya chini. Kwetu ajisifuye mbele ya wazee huonekana hakufunzwa. Hatutaki mwiache adabu hiyo, maana ni mali. Twataka mjue kwamba kushuhudia siko kujisifu. Asemaye, “Mimi ni hodari sana, ni mwaminifu, ni mchapa kazi,” amejisifu, na wasaili hawana la kuandika. Asemaye, “Nilipokabidhiwa masjala nilikuta barua zimelundikana bila kusajiliwa, nikatenga saa moja kila asubuhi hata zikaisha, na tangu hapo barua husajiliwa siku ile ile ifikapo,” huyo hakujisifu hata kidogo. Ametaja kazi, na kazi imemsifu. Sauti iwe ya kusikika, na macho yamtazame aliyeuliza, kwa heshima.

SWALI LA NNE: “Una udhaifu gani?” Imekuwa desturi kujibu, “Udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi.” Wasaili wamelisikia jibu hilo mara nyingi, nao hulihesabu kuwa ujanja. Wala si vema kumwaga kila kasoro kama mtu aliye kitubioni. Chagua upungufu mmoja wa kweli, usioharibu moyo wa kazi ile, useme na dawa uliyoanza kuitumia. Kama kijana hana wepesi wa kupiga chapa, aseme hivyo, aseme pia kwamba hufanya mazoezi kila siku, na mwendo wake ulikuwa kiasi gani na sasa ni kiasi gani. Mtu ajuaye upungufu wake na kuushughulikia huaminiwa kuliko ajidaiye kuwa hana.

SWALI LA TANO: “Tupe kisa cha shida uliyokutana nayo kazini.” Jibu lake liwe na sehemu nne: hali ilikuwaje, wewe ulipaswa kufanya nini, ulifanya nini, na mwisho ulikuwa upi. Tuweke mfano. Mstaafu amefika kutoka mbali kufuata mafao yake, na jalada lake halionekani. Karani mmoja atajibu, “Tulilitafuta tukalipata.” Mwingine atasema, “Nilifungua daftari la mwenendo wa majalada nikaona nani alilichukua mara ya mwisho. Nikaenda ofisini kwake. Nikalikuta limewekwa ndani ya jalada jingine. Nikamjulisha mzee siku ile ile, kisha nikapendekeza majalada yaliyotoka yakaguliwe kila Ijumaa.” Huyu wa pili amewaonyesha wasaili daftari, miguu, na akili yake. Kila mmoja wetu awe na visa vitatu vya namna hii, vya kweli, maana swali la kufuatia litauliza siku na watu, na njia ya mwongo ni fupi.

SWALI LA SITA: “Mkubwa wako akikuamuru jambo lisilo halali, utafanyaje?” Hili ndilo swali zito, na halihusu usaili peke yake. Kanuni za Maadili za mwaka 2005 zina misingi minane: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Vijana huikariri kama kasuku, lakini msaili atauliza pale misingi miwili inapoonekana kugongana. Mathalan, mkubwa aagiza utoe barua katika jalada la siri umpe nduguye aisome. Utii wasema nini? Na sheria yasema nini? Jibu jema si la kujigamba kwamba utamkaripia mkubwa wako, wala si la kusema amri ni amri. Utamweleza kwa adabu kwamba kanuni zakukataza. Akishikilia, utamwomba aandike agizo lake, na kama bado ni kinyume cha sheria hutalitenda, utalipeleka kwa aliye juu yake. Na ikiwa pana rushwa, pana TAKUKURU na Sheria Na. 11 ya mwaka 2007. Twawasihi msilitayarishe jibu hili kwa ulimi tu. Atakayelijibu vizuri mezani ataulizwa tena siku moja, ofisini, bila shahidi.

Maswali yaliyosalia tutayapita upesi. Juu ya mshahara, ngazi yake imekwisha kuandikwa katika tangazo, kwa hiyo hapana biashara ya kufanya. Mkiulizwa kama mna swali, ulizeni moja juu ya kazi, kisha mshukuru. Swali msilolijua, semeni hamlijui, maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na juu ya lugha: wengi huanguka si kwa kukosa jambo, bali kwa kukosa Kiingereza cha kulisemea. Yazoezeni majibu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sauti, si kwa kusoma kimya.

Sasa twaleta pendekezo mbele ya Chama. Katika kila mji, Iringa na Mbeya, tutenge Jumamosi moja kila mwezi. Wanachama watatu wakae kama wasaili, kijana mmoja ajibu, na mwingine ashike saa. Kisha aambiwe kwa upole palipopungua, arudie. Haigharimu ila viti na subira. Lakini na tuweke sharti: mwanachama aliyepata kuwa msaili asitoe swali hata moja alijualo kwa kazi yake, na mtu auzaye majibu au aahidiye nafasi kwa fedha asikaribishwe katika baraza letu. Hatutaki kijana wetu apate kazi kwa mlango ambao atalazimika kuuficha miaka yote ya utumishi wake.

Mwisho, tuwaambie vijana ukweli. Kujitayarisha hakuongezi nafasi. Waliojitayarisha watakosa pia, kwa kuwa viti ni vichache, na atakayekosa asidhani kwamba hafai. Lakini visa vyake vitatu, misingi aliyoielewa, na sauti aliyoizoeza vitabaki naye kwa usaili ujao na kwa kazi yoyote atakayoifanya, iwe ya ofisi au ya mikono yake mwenyewe.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Twaomba wanachama walijadili pendekezo kabla mkutano haujafungwa, na walio tayari kukaa viti vya wasaili waandikishe majina yao kwa Bwana Katibu.