Tuseme Kweli Yote Mbele ya Daktari

Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo sisi akina mama hulificha hata kwa waume zetu, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi uitwao faibroidi.

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunasoma habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake kwa waganga asipate nafuu. Alipoulizwa, alijitokeza akaeleza kila kitu. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa daktari: damu hutoka siku ngapi, twaona kizunguzungu, tungali tunataka kuzaa?

Wengi wetu hatuendi hospitali kwa kuogopa kisu. Lakini uvimbe huu kwa kawaida si kansa, wala si kila mtu hupasuliwa. Usiposumbua, daktari aweza kuuangalia tu, maana mara nyingi hunywea baada ya hedhi kukoma. Damu ikizidi, ziko dawa za kuipunguza, kama vidonge vya traneksamiki asidi vimezwavyo siku za hedhi, au kitanzi chenye homoni. Vidonge vya madini ya chuma husaidia kurudisha damu mwilini. Ziko pia sindano za homoni za kupunguza uvimbe, lakini hazitumiwi muda mrefu kwa kuwa hudhoofisha mifupa, na zikiachwa uvimbe hukua tena.

Iko njia nyingine, ambayo madaktari wa Ufaransa waliitangaza mwaka wa 1995. Mpira mwembamba hupitishwa katika mshipa wa damu, na chembe ndogo huiziba mishipa inayoulisha uvimbe. Haipatikani katika kila hospitali, na anayetaka kuzaa aizungumze kwanza na daktari kwa makini.

Basi tumwulize daktari: Dawa hii itatusaidia nini? Ina madhara gani? Gharama ni kiasi gani? Isipofaa, tutafanyaje? Naye akisema upasuaji ndio bora, tumwulize sababu, wala tusikimbie.

Nanyi akina baba, msiwaache wake zenu waende peke yao. Aibu imewanyamazisha wengi mpaka damu ikawaishia mwilini. Kuuliza si kukosa imani, wala si kukosa adabu.